Benchi la Mama Modesta wa Mgeta

Modesta alizaliwa mwaka 1961 huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, asubuhi ya ukungu mzito hata mkunga, wanavyosimulia, alimsikia kabla ya kumwona. Mama yake alipika komoni, pombe ya mahindi, na kwa kuwa kwa Waluguru mali hufuata upande wa mama, Modesta alirithi shamba, mapipa na benchi refu la barazani. Mkono wake katika kupika ulisifiwa kote milimani. Mnywaji wake mkubwa alikuwa mdogo wake Evance, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Wito ulimjia Kwaresima ya mwaka 2009. Evance alikuwa amekwisha, mikono inatetemeka, macho yamegeuka manjano. Modesta akipalilia karoti alisikia ndani ya ukungu sauti tulivu ikimuuliza, "Unamnywesha nini mdogo wako?" Jioni ile alimwaga pombe yote bondeni na kuwafukuza wanywaji, akidhani kazi imekwisha. Kumbe wanywaji walihamia kilabu cha pombe cha ng'ambo ya bonde, na Evance akitoka huko alitumbukia korongoni, akavunjika mguu. Modesta alilia mpaka sauti ikamkauka.

Utakatifu wake, kwa maoni yetu, ulianzia kwenye machozi hayo. Akiwa peke yake kwenye benchi tupu, ukungu ukipanda taratibu, alitambua walichokuwa wakikifuata watu wale: kukaa pamoja jua likizama, kopo mkononi, na mtu wa kuwauliza habari za shamba. Akavirudisha vyote. Benchi lilikuwa lile lile, makopo yale yale, saa ile ile. Ila ndani ya kopo alitia maziwa ya mbuzi, tangawizi na mdalasini. Naye hakuwa jiwe. Kiu ya pombe aliyozoea kuionja ilipomshika, alitwanga tangawizi mpaka ikampita.

Walimcheka, bila shaka. "Dada, mimi ni mzazi aliyejifungua jana hata ninyweshwe hivi?" Evance alimuuliza.

"Shika kwanza," alimjibu. "Mkono wako hauwezi kukaa mtupu, mdogo wangu. Nimechelewa kulijua hilo."

Evance alianguka tena na tena. Kila aliporudi alikuta kopo lake lina moto, wala hakuulizwa alikotoka.

Modesta alifariki wakati wa masika, mwaka 2021. Matangani, jamaa mmoja alimpa Evance kopo la komoni apoze uchungu, naye akalipokea. Waliokuwapo wanasema jiko lilikuwa baridi, lakini harufu ya mdalasini ilijaa ua mzima. Evance aliliweka kopo chini, akachechemea hadi jikoni, akawasha moto, na waombolezaji wote wakanywa kwa mkono wake. Kanisa halijatamka neno juu ya harufu ile, nasi hatutalitangulia. Benchi lipo hadi leo, na anayepika ni Evance. Atakaye kumwiga dada yake na abandike kwanza birika, ndipo amwage pombe.