Kompyuta Iliyonyimwa Pumzi

Saa tatu asubuhi muuza vipuri vya kompyuta bado anafuta vumbi kwenye meza yake ya kioo, na tayari ana mteja. Mteja huyo amevaa shati la kutokea, lakini penseli imebaki sikioni. Anashika kipuri kimoja baada ya kingine, anakipima uzito kiganjani, anapitisha kidole gumba pembeni kama anayekagua ubao uliotoka kupigwa randa.

"Hii ndiyo pawa?" anauliza. Ameshika kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya mashine.

"Ndiyo, mzee," anajibu binti wa dukani. "Hiyo inakutosha na kubaki."

"Na ile ndogo?"

"Ile bei poa, ila sikushauri."

"Bei sijauliza, mwanangu. Nauliza, ikipata joto inakuwaje?"

Binti anasema watu wengi wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza huuliza habari za kasi, na vijana huuliza kama itawaka taa za rangi. Mzee huyu ana swali moja tu, na analirudia kwa kila kipuri. Amekuja mara tatu wiki hii kuuliza hilo hilo.

Ni seremala, na mafundi wenzake humwita Msasa. "Mpe mpini wa jembe," anasema jirani yake anayeshona makochi, "atakurudishia unang'aa mpaka uone aibu kwenda nao shambani."

Karakana ya Msasa imeungana na nyumba yake. Chumba cha mbele ni ofisi ya mkewe, mpiga chapa, ambaye kwa miaka mingi amewachapia watu barua, mikataba ya nyumba na kazi za wanafunzi wa vyuo. Siku nzuri huchapa kurasa thelathini. Siku mbaya hapati hata moja, na hapo nyumba nzima huomba apatikane mtu wa kununua kitanda.

Mashine ya mkewe ilipochoka, mwaka jana, Msasa alijipiga kifua kwamba atamuundia nyingine kwa mikono yake. Hakuwahi kufungua kompyuta maishani.

"Niliangalia video kwenye simu ya jirani, nikaona ni vitu vya kupachika tu," anasema. "Nikajiambia, mimi napachika milango ya makabati kila siku, hiki kitanishinda nini?"

Vipuri vilimlia faida ya vitanda vinne, na alivichagua kiseremala. Ubao mama, ule unaobeba vipuri vingine vyote, aliupenda kwa sababu kona zake zilikatwa sawasawa. Pawa alichukua ndogo, kwa kuwa sanduku alikwisha kulipima na kulikata, na kubwa isingeingia. Fundi mwingine angenunua vipuri kwanza, kisha atafute cha kuvitia. Msasa alianza na sanduku.

Na sanduku lilikuwa sanduku kweli. Mbao ngumu nyekundu, zimeungwa ulimi ndani ya mfereji, bila msumari hata mmoja. Mlango wake ukiufunga hupati pa kupenyeza wembe. Juu ya hapo akazungusha ukanda wa mpira, na pale nyaya zilipotokea akaziba kwa gundi.

"Mimi naishi na vumbi la mbao," anaeleza. "Nilijua vumbi linaua mashine. Hilo tu ndilo nililojua."

Mkewe aliliona tatizo siku ya kwanza.

"Nilimuuliza, baba watoto, hiki kitu kinavuta hewa wapi?" anasimulia mama huyo, miwani ikiwa kichwani. "Akanijibu, mke wangu, umewahi kuniona natengeneza kabati lenye matundu? Ukishajibiwa hivyo utasema nini?"

Aliomba kitu kingine pia, diski ya pili ya kuhifadhia nakala za kazi za wateja. Msasa aliona ni anasa. Akamwambia kabati moja halihitaji droo mbili za kitu kilekile.

"Pesa ile nilinunulia bawaba za shaba," anasema, na sauti inamshuka. "Bawaba, bwana. Za sanduku linalokaa chini ya meza, halionwi na mtu."

Kompyuta iliwaka. Majirani walikuja kulishangaa sanduku, wengine wakaomba watengenezewe la kuwekea redio. Msasa anakiri alilewa sifa. Mkewe aliposema kwamba mchana chumba kinanuka vanishi kama iliyopakwa jana, alimwambia mbao mpya ndivyo zilivyo.

Ni wakati huo ndipo alipokuja Mwalimu, mzee mstaafu wa mtaa wa pili. Macho yalikuwa yamemwishia, na alitaka kusimulia maisha yake yachapwe yawe kitabu. Hakuwa mtu mashuhuri. Alifundisha hesabu katika shule za mbali, akahamishwa huku na huku, akazika mke, akalea watoto peke yake. Wajukuu walikuwa wakimuuliza maswali kila likizo, naye akaona heri aseme yote mara moja.

Alikuja kila alasiri kwa miezi mitatu. Alikaa kwenye kiti kimoja, mikono juu ya fimbo, akasema, na mpiga chapa akachapa.

Walikuwa wamebakiza sura mbili. Alasiri moja kioo kikazima katikati ya sentensi. Mpiga chapa akamwita Msasa, naye akaja mbio na kufungua ule mlango wake mzuri. Moshi ulikuwa umejaa tele ndani, umekosa pa kutokea.

Fundi wa kompyuta aliyeitwa alihangaika wiki nzima. Pawa ilikuwa imepikika, na katika kufa ikaondoka na diski. Cha kuokoa hakikuwepo. Kilichosalimika ni sura ya kwanza tu, ambayo Mwalimu alikuwa ameomba itolewe kwenye karatasi ili asomewe dada yake.

"Nilikwenda mwenyewe kumwambia," anasema Msasa. "Nilisema nisimtume mke wangu kubeba kosa langu. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, je, umeungua popote? Nikasema hapana. Akasema, basi afadhali. Heri angenitukana."

Anajifuta uso kwa kiganja. Binti wa dukani anajishughulisha na kupanga nyaya ambazo tayari zimepangwa.

Msasa alihitaji karibu mwaka kukusanya pesa za kuanza upya. Katika mwaka huo mkewe alichapa kwenye mashine za kukodi, nusu ya malipo ikiishia kwa mwenye mashine, na wateja wake wa zamani wakapata watu wengine. Katika mwaka huo huo Mwalimu aliugua. Alipona, lakini bintiye anasema hakurudi kama zamani. Siku nyingine husimulia vizuri. Siku nyingine anauliza chakula alichokwisha kula.

Kwa hiyo ununuzi wa leo una haraka, ingawa anayenunua hana tena papara. Anachukua pawa kubwa. Anachukua diski mbili bila kuulizwa. Linabaki kasha, na hapo mkewe ametoa amri: la bati, la dukani, lenye matundu.

Binti analitua mezani. Msasa analizunguka, analigusa kingo, anakunja uso.

"Hili linakwaruza."

"Ni kasha la kompyuta, mzee, si kabati la bibi harusi."

Msasa anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Anaonyeshwa chujio la vumbi lililo mbele, la kitambaa chembamba, linalochomolewa na kuoshwa. Analichomoa, analirudisha, analichomoa tena. Vumbi lilikuwa na dawa yake siku zote, na dawa yenyewe ni kitambaa. Analipa.

Kufikia saa nane mashine imefungwa na inawaka chini ya meza ya mpiga chapa. Ina sura mbaya, na feni zake zinavuma. Msasa ameweka kiganja nyuma ya kasha, anaisikia hewa ya moto ikitoka. Anakaa hivyo muda mrefu.

Mwalimu anafika akishikwa mkono na bintiye. Anakaa kwenye kiti chake, anapanga mikono juu ya fimbo. Mpiga chapa anamsomea sura ya kwanza ili apate pa kuanzia. Mzee anaitikia kwa kichwa, anafurahi, kisha anakwama.

"Baada ya hapo nilisema nini?" anauliza.

Mpiga chapa anatazama kibodi. Baadaye, pembeni, anaeleza aibu yake: katika kazi hii maneno huingilia masikioni yakatokea vidoleni, kichwani hayakai. "Nilichapa kitabu kizima cha yule mzee," anasema, "na ukiniuliza habari zake nitakupa robo."

Jibu linatoka kwa Msasa, aliyesimama mlangoni.

"Ulisema habari za mama yako, Mwalimu. Alivyokuwa akikufundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, na kimoja kikapotea, akakwambia sasa fanya ya kutoa."

Mzee anageuza uso upande wa sauti. "Hayo niliyasema mimi?"

"Uliyasema."

"Ni mazuri," anasema Mwalimu. "Yaandike, mama."

Mpiga chapa anaandika. Msasa anaendelea, safari hii polepole: shule ya kwanza, mvua iliyoezua paa, mwanafunzi aliyekuwa akija na mdogo wake mgongoni. Aliyasikia hayo akiwa karakanani, siku alizokuwa akisugua na kupaka vanishi, kazi zisizo na kelele. Mwalimu anasikiliza maisha yake kama mgeni aliyealikwa, na mahali pengine anachomekea neno, na neno hilo likiwa sahihi wote wawili wanatabasamu.

Kisha Mwalimu anauliza swali ambalo Msasa alikuwa akiliogopa.

"Na mke wangu? Nilisema nini juu ya mke wangu?"

Msasa anamtazama mkewe. Mkewe anatikisa kichwa taratibu, hakumbuki.

"Ulimsema siku nyingi, Mwalimu," anajibu. "Karibu wiki nzima. Lakini wiki ile nilikuwa na kazi ya vitanda vya bweni. Nilikuwa nimewasha msumeno wa umeme toka asubuhi mpaka jioni. Sikusikia."

Msasa anasogea mpaka mbele ya kiti cha mzee.

"Nisamehe," anasema Msasa.

Mwalimu anafikiri. "Alikuwa mwembamba," anasema mwishowe, na hapo anaishia. Mpiga chapa anachapa maneno hayo mawili, anasubiri, na baada ya muda anamwambia mzee kwamba kwa leo yanatosha.

Msasa hatapokea tena kazi za msumeno mchana. Wateja wenye haraka ameanza kuwaelekeza kwa wengine, na anasema hasara hiyo anaijua. Anachotumaini ni siku moja tu.

"Ipo siku ataamka anamkumbuka yule mkewe," anasema, akimtazama Mwalimu akivushwa barabara na bintiye. "Hata kama ni kwa saa moja. Siku hiyo aje muda wowote, atakuta mashine inawaka na karakana iko kimya."