Upawa wa Kwanza

Bualai hana bango. Kibanda chake kiko kando ya barabara ya kijiji cha Nong Saeng, karibu na shule ninayofundisha, na asiyekijua hukipita akidhani ni banda la kuwekea kuni. Anapika anachokula mwenyewe: mchuzi wa chipukizi za mianzi, papai bichi la kutwanga na samaki wa kuvundika, vyura wa kuchoma mvua zikianza, mayai ya majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, msimu wake ukifika. Wali wa kunata hukaa kwenye vikapu vidogo vilivyotundikwa ukutani. Ukimuuliza leo kuna nini, anakufunulia mifuniko ya masufuria uchungulie mwenyewe.

Mumewe yuko mbali, mjini Rayong, kwenye kazi za ujenzi, na Bualai anaishi na mama mkwe wake, Bibi Khamphong, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Bibi huyo alikuwa mwokota uyoga hodari kuliko wote kijijini. Watu walikuwa wakimfuata msituni kwa siri ili wajue anakopita, naye anawazungusha vichakani mpaka wanachoka, kisha anawauliza kama wamepotea njia ya kwenda chooni.

Mwaka ule mvua za kwanza zilipokwisha kuloweka ardhi, kijana wa Bangkok aitwaye Phuwadon alimpigia Bualai simu. Kazi yake ni kuwatembeza wageni mahali wasikoweza kufika wenyewe. Kundi lake lilikuwa limechoshwa na migahawa ya mjini, ile inayotia sukari kwenye kila kitu na kumficha samaki wa kuvundika kana kwamba ni aibu ya ukoo. Walitaka mchuzi wa uyoga, ule unaopikwa kwa maji ya majani ya yanang, mmea utambaao, mpaka unakuwa mweusi kama maji ya kinamasi.

"Usiwapikie wageni, shangazi," alimwambia. "Jipikie mwenyewe, nao wakae pembeni wale."

Bualai alikubali. Ana kanuni moja ya uyoga, na kijiji kizima kinaijua. Uyoga mweupe wa msimu ule, unapotoka ardhini, huwa umejifunga kama yai, na hapo ndipo unapopendwa zaidi kwa utamu. Lakini una ndugu yake anayefanana naye, ambaye sisi tunamwita uyoga wa jiwe, na huyo huua. Wakiwa mayai, hakuna jicho linaloweza kuwatenganisha kwa hakika. Wakikunjuka, wanajulikana: mwema ana mistari kwenye ukingo wa kofia, na shina lake ukilipasua lina uwazi kama bomba, muuaji hana mistari, na shina lake limejaa. Bualai hapiki uyoga ulio bado yai. Anapika uliokunjuka, na anaupasua kila mmoja.

Wengi huona huo ni woga. Wao wana kipimo chao cha tangu zamani: chemsha uyoga na konzi ya mchele, mchele ukigeuka mweusi mwaga, ukibaki mweupe kula. Mhudumu wa afya amekuja mara nyingi kutuambia kwamba kwa uyoga wa jiwe kipimo hicho ni uongo mtupu. Tunamsikiliza kwa adabu, tunamkaribisha maji, akiondoka tunachemsha mchele. Mvua za mwaka uliotangulia, kijiji cha jirani, baba mmoja na binti yake walikula mchuzi ambao mchele wake ulibaki mweupe. Binti huyo alikuwa darasani kwangu. Walikula wakashiba, wakalala, wakaamka wakicheka. Sumu ile haina haraka. Inakuacha ujisifu kwanza.

Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi. Asubuhi Bualai alikwenda sokoni kwa mwanamke anayemwamini, akauziwa kikapu kidogo tu, kwa sababu msitu ulikuwa umekwisha kuvamiwa na watu wa kila mahali. Aliporudi nilikuwa nimekaa hapo kibandani, kwenye meza yangu ya kila siku, na gari la Phuwadon lilikuwa limekwisha kuegeshwa. Wageni walikuwa wakivua viatu na kupanda kwenye jukwaa la mbao la kulia chakula. Jikoni sufuria kubwa ilikuwa ikitokota.

Bibi Khamphong alikuwa amesimama kando yake na upawa mkononi, uso unang'aa. Alieleza kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mkwewe anayezunguka sokoni kama mtu asiye na msitu angewatia aibu, kwa hiyo yeye mwenyewe alitoka alfajiri. Msitu wa chini ulikuwa umekwisha kukwanguliwa. Alipanda mpaka kwenye mwinuko wa mawe, ambako hakuna anayefika, akakuta mayai meupe yamejaa kama yametagwa.

"Mchele?" Bualai aliuliza.

"Mweupe kama meno yako," Bibi alijibu. "Sijaanza jana."

Bualai aliinama kwenye ndoo ya takataka, akachambua maganda na mizizi, akatoa uyoga mmoja uliokuwa umeanza kukunjuka. Aliutazama ukingoni. Akachukua kisu, akaupasua kwa urefu juu ya kibao. Nilikuwa nimenyanyuka, nikaona vizuri. Shina lilikuwa limejaa.

Bibi alisema huo aliutupa kwa sababu ulikuwa umezeeka. Bualai alimjibu kwa sauti ya chini kwamba uliomo sufuriani ulitoka pale pale ulipotoka huu. Kisha akazima moto.

Phuwadon alikuwa ameingia jikoni kuuliza kama wageni waletewe wali. Ni kijana mwepesi, akaelewa mara moja, na akafanya jambo ambalo wengi wetu tungefanya. Alimnong'oneza Bualai kwamba hakuna haja ya kumvunjia mama heshima mbele ya watu. Aseme sufuria imemwagika, au mchuzi umeungua, na wageni watapewa vyura wafurahi.

"Sema imemwagika, shangazi. Itakuwa imekwisha."

Namwelewa. Kwetu kumkosoa mama mkwe hadharani ni sawa na kumvua nguo sokoni. Tuna uongo mwingi mdogo wa kulinda nyuso za watu, na tumelelewa tukiuita upole. Bualai mwenyewe aliinua kitambaa cha kushikia sufuria, nikadhani atafanya hivyo. Kisha mkono ukasimama. Alikuwa akitazama kigingi kilicho juu ya jiko, anapotundika mifuko ya plastiki ya kufungia mchuzi. Kulikuwa na vipande vya raba vya kufungia mifuko hiyo vimeanguka chini yake.

Mchuzi wa uyoga wa kwanza hauliwi na nyumba moja. Upawa wa kwanza huenda kwa jirani kabla mpishi hajaonja, na asiyefanya hivyo husemwa mpaka mvua za mwaka unaofuata.

"Mama," Bualai alisema, "umempelekea nani?"

Bibi Khamphong alikaza midomo. Mkwewe akauliza tena. Bibi akasema kwamba aliowapelekea ni watu wanaomheshimu, wasiopasua chakula chake kama polisi. Nilielewa kilichomfunga. Kutaja majina ni kukubali kwenda kwenye milango hiyo na kusema kwa kinywa chake kwamba Khamphong, yule wa msituni, amewapelekea sumu. Uongo wa sufuria iliyomwagika ungewatosha wageni. Kwa walio na mfuko mezani usingefaa chochote.

Nilimwambia kwa ukali kwamba huu si wakati wa kiburi. Hakunigeukia hata. Mwalimu gani anayeweza kumfundisha uyoga mwanamke wa umri wake?

Bualai akafanya jambo ambalo hata leo sijui jinsi ya kulihukumu. Alichota mchuzi kwenye bakuli, akaketi chini kwenye mkeka mbele ya mama mkwe wake, akashusha kikapu cha wali. Akamega donge, akalibonyeza kwa vidole kama kila siku, akalichovya mpaka likawa jeusi.

"Kama unawafaa wao, unanifaa na mimi," alisema.

Phuwadon alitaja jina la Bwana Buddha. Mimi nilisogea, lakini sikufika. Donge lilikuwa limepita kidevu. Nilimtazama Bibi Khamphong, na nikaona jambo ambalo nadhani Bualai alikuwa amekwisha kuliona tangu alipoingia: mwanamke yule naye alikuwa na shaka. Alikuwa nayo tangu kwenye mwinuko wa mawe, akaichemsha pamoja na mchele, akaifunika.

Alimshika Bualai kifundo cha mkono. Donge likaanguka mkekani.

"Phan," alisema. "Phan, na mkwe wa Suk."

Nilimpandisha Bibi kwenye pikipiki yangu. Nyuma yetu nilisikia Bualai akimwambia Phuwadon awatafsirie wageni neno kwa neno kwamba uyoga ule unaweza kuua, kwamba umepikwa nyumbani kwake, na kwamba anayetaka kuondoka aondoke bila kinyongo. Phuwadon alijaribu kulainisha, akakatizwa.

Kwa Phan mfuko ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, haujafunguliwa. Alikuwa akimngoja mumewe atoke shambani. Bibi alishuka, akaushika, akasema mlangoni alichopaswa kusema. Phan alianza kucheka akidhani ni mzaha. Alipomwona usoni aliacha.

Kwa Suk tulichelewa. Mkwewe, Orathai, msichana aliyeolewa mwaka ule, alikuwa jikoni peke yake, na bakuli lilikuwa nusu. Alitusalimu kwa furaha na kumshukuru Bibi kwa mchuzi mtamu. Bibi Khamphong alipiga magoti mbele ya msichana mwenye umri wa mjukuu wake.

"Nimekulisha uyoga wa jiwe," alisema. "Simama, mwanangu. Twende hospitali."

Orathai alisema hajisikii vibaya. Ndivyo wanavyosema wote. Tulichukua gari la Suk, pamoja na bakuli na ule uyoga uliopasuliwa, ambao niliutia mfukoni kabla ya kutoka. Kule mjini daktari aliutazama, hakungoja dalili, akaanza matibabu hapo hapo. Usiku ulipokwisha Orathai alianza kutapika, na ini lake lilishikwa vibaya. Ilipita muda mrefu kabla hatujaambiwa kwamba atapona. Daktari alimwambia Suk waziwazi kwamba wangengoja mpaka augue ndipo waje, wangekuja kumchukua maiti.

Bibi Khamphong alilala kwenye korido ya hospitali, kwenye mkeka, mpaka msichana alipotoka. Mama yake Orathai alimrukia kwa maneno ambayo sitayaandika, naye aliyapokea yote. Baadhi ya watu kijijini walisema Bualai alikosa adabu, kwamba angeweza kumaliza jambo bila kelele. Niliwajibu na ninawajibu tena: kelele zile ndizo zilizofika hospitali kabla ya ugonjwa. Heshima inayomwachia jirani bakuli la sumu mezani si heshima, na tusiite upole kitu ambacho ni woga wetu wa kutazamwa.

Wageni nao, baadhi waliondoka. Waliobaki walikula vyura na papai la kutwanga. Phuwadon bado huleta watu, na anaowaleta huniuliza, kwa kuwa naonekana mwenyeji, watajuaje chakula cha kweli cha watu wa hapa. Wengi wanadhani ni suala la kupata barabara isiyo kwenye ramani. Nawaambia waende jikoni, waulize mchuzi wa leo umeanza kupelekwa kwa nani.

Mvua za mwaka uliofuata Bibi hakutoka. Za mwaka uliofuata tena alitoka, akarudi na kikapu chepesi, uyoga wote umekunjuka. Alikiweka mbele ya Bualai akaketi. Bualai alichukua kisu akapasua mmoja baada ya mwingine, hakuruka hata mmoja kwa kumwonea haya mama mkwe wake, na Bibi aliangalia kila kisu kikishuka. Mchuzi ulipoiva, Bibi alifunga mfuko, akaondoka kwa miguu kwenda kwa Suk. Nilikuwa na kazi upande ule, nikafuatana naye.

Orathai alikuwa barazani na mtoto mgongoni. Aliutazama mfuko bila kuupokea. Bibi aliufungua mwenyewe, akamimina kwenye bakuli, akachovya wali, akala hadi donge la tatu, akajifuta mdomo. Kisha akausogeza.

"Asante, Bibi," Orathai alisema. "Nitautia kwenye friji. Nitakula kesho kutwa, nikikuona bado unatembea."

Niliogopa kwa ajili ya mwanamke yule mkali. Lakini aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ya haki.

"Ni sawa," alisema. "Nitapita."

Kesho yake asubuhi, nikiwa nafungua lango la shule, ambapo nyumba ya Suk inaonekana, nilimwona barabarani. Hakuwa na kikapu wala safari yoyote ya kule. Alipita mbele ya nyumba ya Suk polepole, akafika kwenye daraja, akageuka, akapita tena. Siku iliyofuata nami niliamka mapema nikaenda kuona; alikuja kabla jua halijapanda, akasimama kabisa mbele ya baraza mpaka Orathai alipotoka na kumwona. Msichana alirudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na bakuli, mvuke unapanda, na kikapu cha wali kwapani.

"Haya, panda," alimwambia. "Sili peke yangu."

Bibi Khamphong alivua ndara zake, akapanda.