Siku Tisa Zilizoachwa Wazi

Arlys Unrau alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na minane, na mpaka Julai hii ninayoisimulia sikuwahi kumwona akilala nje ya nyumba yake hata usiku mmoja. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na mume wa kumzuia. Alizuiwa na kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la shaba, limesimama uwanjani kwake mbali na miti, lenye mdomo mpana wa kukinga mvua. Kila asubuhi saa moja kamili Arlys alilifungua, akatumbukiza kijiti chembamba chenye mistari ya vipimo, akakitoa na kukiangalia kimelowa mpaka wapi. Kisha akaandika kwenye fomu ya ofisi ya hali ya hewa, na mwezi ukiisha akaituma kwa posta. Ilikuwa kazi ya kujitolea. Baba yake aliianza katika ile miaka ya vumbi, ukame ulipopeperusha mashamba, na alipopooza upande mmoja akamwachia Arlys, aliyekuwa na miaka kumi na tisa.

Sasa, huku kwetu magharibi ya Kansas mvua ni mgeni. Siku nyingi kijiti kilitoka kikavu kama kilivyoingia, naye akaandika sifuri. Watu wa kanisani walimtania. Kaka yake Orlin, aliyekaa maili mbili kutoka kwake, ndiye aliyezidi.

"Dada yangu ameamka mapema kwenda kuangalia hakuna," alikuwa akisema baada ya ibada, huku ameshika mkate. "Na ameikuta hakuna palepale alipoiacha jana!"

Arlys alicheka pamoja nao. Lakini mimi nilijua habari iliyomfunga, maana alinisimulia siku moja tukimenya pichi za kuhifadhi kwenye chupa.

Mwezi wake wa kwanza kazini, asubuhi ya barafu, hakutoka. Alichungulia dirishani, akaona mbingu nyeupe na ardhi kavu, akaandika sifuri. Baba yake kitandani akamwita.

"Umetoka?"

"Baba, hakujanyesha. Hata paka anajua."

"Sikuulizi habari za paka. Umetoka?"

"Hapana, baba."

"Basi kwa nini umeandika kwamba umeangalia?" Mdomo wake ulikuwa umepinda kwa maradhi, maneno yakitoka kwa shida, lakini aliyatoa yote. "Ukiandika sifuri, umesema: nilikwenda, niliangalia, sikukuta kitu. Ukiacha wazi, umesema: sikwenda, sijui. Mtu akipita haraka ataona yote mawili ni hakuna. Mwanangu, si kitu kimoja. Moja ni ushahidi."

Akamfanya aifute ile sifuri na kuiandikia ofisi barua ya kukiri. Sisi watu wa kanisa letu hatuapi, hata mbele ya hakimu. Neno la mtu ndilo kiapo chake. Kwa hiyo Arlys alilichukua jambo lile kama mtu aliyekamatwa akitoa ushahidi wa uongo, na halikumtoka tena.

Mara moja tu, kabla sijawa jirani yake, aliondoka. Mdogo wake Leona alikuwa akiolewa jimbo la mbali la Oregon, na Orlin aliahidi kusoma kopo siku tano. Arlys aliporudi alikuta sifuri tano zimepangwa vizuri, wino mmoja, mkono mmoja.

"Uliandika lini hizi?"

"Siku uliyoondoka," Orlin akasema bila haya. "Redio ilisema jua wiki nzima. Na si lilikuwa jua?"

Arlys alizifuta zote tano. Tangu hapo hakumwamini mtu na kijiti kile. Leona alizaa watoto wanne kule Oregon, akawaoza, akazika mume. Arlys alituma mablanketi aliyoyashona na barua ndefu. Kila Krismasi Leona aliandika, "Mwaka huu utakuja?" Na kila Krismasi jibu lilikuwa lile lile, kwamba labda mwakani.

Basi mwezi wa Julai, siku ya sitini na moja bila tone, binti wa Leona akapiga simu. Moyo wa mama yake umechoka. Daktari hakutaja miezi, alitaja wiki.

Nilikuwa pale jikoni, nimeleta mayai. Arlys alikata simu, akasimama ameegemea sinki, anatazama nje kwenye kopo.

"Nenda, Dada Arlys," nikamwambia. "Nitakusomea mimi."

"Na hayo macho yako, Dada Verda?"

Kweli macho yangu yalikuwa na mtoto wa jicho yote mawili. Lakini alitaka kuniamini, maskini, nikaona alivyotaka. Akachukua birika, akamimina maji kidogo koponi, akanipa kijiti. Nikakitumbukiza, nikakitoa, nikakileta karibu na pua.

"Kumi na mbili," nikasema.

Akakitazama. "Kumi na saba."

Tukarudia mara nne. Mara ya nne nilipata, nikafurahi kama mtoto, kumbe nilikuwa nimebahatisha, na yeye aliona. Alinikumbatia tu akasema twende tukanywe kahawa.

Hata hivyo alifunga mkoba. Jumatano mume wangu Elvin akampeleka stesheni ya treni, mimi nikiwa kiti cha nyuma. Njia nzima ngano zilikuwa zimeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, na mbali kule kusini kulikuwa na wingu moja dogo, jeusi chini. Arlys hakuliondolea macho. Tulipofika mji wa stesheni, akamshika Elvin bega.

"Ndugu Elvin, nirudishe."

"Dada, wingu lile haliwezi kulowesha hata kofia yangu."

"Huenda. Lakini nani atajua?"

Elvin alinitazama kwenye kioo. Nikageuza uso dirishani, Mungu anisamehe. Akageuza gari. Wingu lile lilikwenda zake Oklahoma. Asubuhi saa moja aliandika sifuri.

Siku sita zilipita hivyo. Nilimwombea, lakini nakiri kwamba sikujua niombe nini, afunguliwe au apewe amani mle ndani. Nilimwona kupitia dirisha langu akienda na kurudi, na ule mwendo wake wa kuinama kidogo, kama mtu aliyefungwa kamba fupi kwenye mti. Orlin alikuja kugombana naye uani kwa sauti ambayo hata kuku wangu walisikia.

"Ndugu yako anakufa nawe unalinda mkebe!"

"Shusha sauti, Orlin."

"Ofisi yenyewe wana mashine siku hizi! Unadhani kuna mtu mjini anakesha akisubiri sifuri ya Arlys?"

"Sijui kama kuna mtu," akasema. "Ndiyo maana siwezi kumdanganya."

Orlin akapiga kofia yake pajani, akaondoka.

Siku ya saba nilikwenda kwake na supu baridi ya matunda ya plamu. Simu ikalia, na safari hii alikuwa Leona mwenyewe. Arlys alikuwa anasikia kidogo upande mmoja, kwa hiyo simu yake ilikuwa imepandishwa sauti hadi mwisho, nami nikasikia yote. Ile sauti ilikuwa nyembamba, ina pumzi katikati ya kila neno.

"Arlys, we bibi kizee. Kumenyesha huko?"

"Hapana, Leona. Siku ya sitini na nane."

Leona alikohoa kwanza.

"Basi si ungekuja," Leona akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, nadhani Arlys angeweza kuistahimili. Walizungumza kidogo kuhusu watoto, wakaagana. Arlys alikaa kitini, mikono juu ya meza, supu ikiwa mbele yake hajaigusa.

"Dada Verda," akasema mwisho. "Miaka arobaini na moja tangu aolewe. Nilikuwa najiambia, hakuna neno kati yangu na Leona, tuko sawa. Niliandika hivyo moyoni kila mwaka." Akaisogeza supu kando. "Sikuwahi kwenda kuangalia."

Kisha akainuka, akaitoa fomu kwenye droo, akaiweka mezani pamoja na kalamu juu yake, akachukua mkoba ambao hakuwa ameufungua tangu Jumatano. Elvin alikuwa bado na mavumbi ya shambani tulipompakia Arlys garini. Alipopita karibu na kopo alilitazama, uso umekakamaa, lakini hakusimama. Alishika mkoba magotini mpaka stesheni.

Pamoja na safari, hakuwepo siku tisa. Mimi kila saa moja nilisimama dirishani nikitazama kopo, na sikuligusa.

Leona alifariki siku ya tano Arlys akiwa huko. Akazika, akarudi.

Mwisho wa mwezi kijana mmoja wa ofisi ya hali ya hewa alimpigia simu, mpole sana. Alisema vituo vya jirani vyote vimeonyesha ukavu, kwa hiyo kama Mama Unrau angependa, zile nafasi tisa zingeweza kujazwa sifuri, rekodi ikabaki nzima.

"Hapana, mwanangu," Arlys akamjibu. "Sikuwepo. Ziache wazi."

Niliogopa kumwuliza juu ya Leona, nikakaa wiki mbili nikiogopa. Siku tunasafisha kanisa, yeye anafuta madirisha na mimi nafagia, nikathubutu.

"Alikutambua, Dada Arlys?"

Aliendelea kufuta kioo kilekile.

"Nilipofika alikuwa hai, lakini hafumbui macho wala hasemi tena. Nilimshika mkono siku tano. Nilimwambia niliyokuwa nayo."

"Pole, dada yangu. Kwa hiyo hakukutambua."

"Usiseme hakunitambua," akasema, akanigeukia, na kitambaa kinadondosha maji sakafuni. "Sijui. Mkono ulikuwa wa moto, ndilo ninaloweza kulisema. Mengine sijui, Verda, na itabidi niishi bila kujua."

Niliweka fagio chini, nikachukua kitambaa cha pili, nikasimama naye dirishani. Kesho yake saa moja alikuwa tena uwanjani na kijiti.