Chupa Nyeusi Dirishani

Kuna kijiji kati ya Urambo na Kaliua ambacho kwa muda mrefu, kila nilipokipita, nilitazama upande wa pili wa barabara. Nimekipita nikiwa juu ya lori la tumbaku, nimekipita ndani ya basi, na mara moja nilikuwa kwenye treni, ambako kijiji chenyewe hakionekani kabisa, lakini hata humo niligeuza shingo.

Nilizaliwa Chemchem, Tabora mjini. Nilisoma hadi kidato cha nne, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili. Nimeuza asali, nimepima tumbaku, nimeendesha magari ya watu. Kazi zote hizo zilinirudisha kwenye njia ileile, ile ya misafara ya zamani iliyotoka pwani, ikapita kwetu na kwenda ziwani. Mama alikuwa akisema nina miguu ya mpagazi. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu hadi pwani akarudi, akaenda tena akarudi, na safari ya tatu hatujui aliishia wapi. Ninapoendesha peke yangu kwenye misitu ya miyombo, mchana kweupe, huwa nahisi kama kuna watu wengi wanaotembea pembeni mwa barabara, nami nawapita bila kuwapa lifti.

Mwaka ule nilipata kazi ya kuwaendesha walimu wawili wa vyuo vikuu. Vyuo vyao vilikuwa vimeungana kupeleka sayansi kwenye shule za msingi za vijijini. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa kemia, mpole, tuliyemwita Dokta. Wa pili alifundisha fizikia, Mzaramo mnene, mtani wangu, mwenye kicheko kikubwa. Tulimwita Profesa, ingawa mwenyewe alisema bado hajafika huko. Mimi nilikuwa dereva, mkalimani wa Kinyamwezi na mbeba maboksi.

"Mnyamwezi, taratibu basi," Profesa alikuwa akisema kwenye mashimo. "Leo hujabeba pembe."

"Nimebeba Mzaramo. Ni mzito kuliko pembe, na huko niendako hana mnunuzi."

"Msikie! Babu zako walikuwa wakifika kwetu na miguu imevimba, nani aliwapa maji?"

"Mlitupa, lakini mlitucheka kwanza."

Dokta alicheka huku akitazama dirishani. Zilikuwa siku nzuri zile, lazima niseme hivyo.

Kila shule tuliipa siku moja. Asubuhi Profesa aliwaonyesha watoto sumaku na lenzi, akawasha karatasi kwa jua. Mchana ilikuwa zamu ya Dokta na maji. Watoto walitumwa kwenye vyanzo saba vya maji vya kijiji na vichupa saba vya kioo vilivyochemshwa, kila kimoja kikiwa na kipande cha karatasi chenye dawa. Maji yakiwa salama, yanabaki yalivyo. Yakiwa yameingiwa na kinyesi cha mtu au mnyama, siku ya pili au ya tatu yanageuka meusi kama wino.

Siku ya pili au ya tatu, nasi tulikuwa na siku moja tu. Kwa hiyo tulivipanga vichupa dirishani mwa darasa, tukamwachia mwalimu wa sayansi fomu za uchotaji na karatasi ya kujaza majibu, tukaondoka. Dokta alidhani Profesa ameshawaeleza watoto weusi ule una maana gani. Profesa alidhani hayo ni mambo ya kemia, Dokta ameshayaeleza. Hakuna aliyeeleza. Mimi nilikuwa nafunga maboksi.

Katika kijiji kile cha kati ya Urambo na Kaliua nilitumwa pamoja na msichana wa darasa la sita kwenye kisima cha bibi yake. Kilikuwa bondeni, kimezungushiwa mawe yaliyolainishwa na magoti ya watu. Bibi alikuwa mfupi, mkavu, khanga kiunoni, anafagia ukingo wa kisima kama anafagia sebule. Nilimwamkia, nikamweleza kazi yetu. Nikamwambia maelekezo yanasema kichupa kizamishwe chenyewe ndani ya maji.

"Hakizami," akasema.

Nilikuwa nimesahau, nami ni mtoto wa huku. Visima vya namna hiyo vina mwenyewe na vina masharti yake. Hapo hakiingii chombo cha mtu yeyote isipokuwa kata ya kibuyu ya nyumba ile. Unakuja na ndoo yako, inakaa pembeni, unachotewa.

"Hiki kimechemshwa, bibi. Kimetoka Dar es Salaam."

"Hata maiti huoshwa," akanijibu. Kisha akalegeza sauti kidogo. "Hapa ilipita misafara, baba. Watu mia, watu mia mbili, wana ndui, wana vidonda, kila mmoja na kibuyu chake. Bibi wa bibi yangu akasema, maji nawapa, lakini vyombo vyenu vibaki nje. Ndiyo maana sisi tupo."

Ilikuwa sayansi ileile tuliyoibeba kwenye maboksi. Bibi akamtuma mjukuu nyumbani kuleta kata, naye mwenyewe akaondoka kwenda kufukuza mbuzi kwenye mihogo. Msichana akaja mbio, amefurahi, anairusha kata kama mpira. Kwenye njia ya ng'ombe akateleza. Kata ikaanguka kwenye samadi mbichi.

Akaiokota, akaifuta kwa pindo la sweta. Kisha akanitazama. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mkubwa ambaye kazi yake ni kujua. Kule shuleni Profesa akapiga honi. Tulitakiwa kufika Kaliua kabla ya jioni.

"Chota tu," nikamwambia. "Twende."

Akachota, akamimina kichupani. Nikatoa fomu. Ilikuwa na swali: je, kichupa kilizamishwa moja kwa moja kwenye maji? Nikaweka alama ya vema, nikatia saini.

Tulirudi kwa njia hiyohiyo baada ya wiki tatu. Dokta alitaka kuchukua majibu. Mwalimu wa sayansi alitupeleka darasani bila maneno mengi. Vichupa sita vilikuwa vyeupe. Cha saba kilikuwa cheusi tii, na madawati ya upande ule wa dirisha yalikuwa yamesogezwa mbali. Watoto walikuwa wanabanana upande mmoja wa chumba.

"Kiligeuka wakati wa hesabu," mwalimu akasema. "Walipiga kelele hadi wazazi wakaja. Watu wamechungulia hapo dirishani siku nne."

Kisima cha bibi kilikuwa kimezibwa kwa miiba. Palikuwa na mtoto mchanga wa jirani aliyeharisha wiki ileile, akapelekwa hadi hospitali ya Kitete, Tabora, akapona, lakini kupona kwake hakukumsaidia bibi. Watu walishauliza swali lao: kwa nini hapo siku zote inaingia kata yake tu? Lile sharti lililokilinda kisima ndilo likawa ushahidi. Huku kwetu, mwanamke mzee akiulizwa swali kama hilo, hajui asubuhi itakujaje. Na mjukuu alikuwa yule aliyeleta maji meusi shuleni. Hakuwa darasani siku hiyo.

Dokta aliwakusanya watoto, akawaeleza vijidudu ni nini, akasema hakuna uchawi katika kichupa. "Mmenielewa?" Wakaitika kwa pamoja, "Ndiyooo." Kisha akaniita kando ya gari.

"Kaka, wewe ulikuwepo. Walichotaje?"

"Kama mlivyoelekeza," nikasema.

Profesa akaangalia fomu, akaona alama yangu. "Basi kisima ndicho kibaya," akasema. "Tutaandika barua kwa mtendaji." Hatukuteremka bondeni. Niliwasha gari.

Mkataba wangu ukaisha, nikaenda zangu. Nilikwenda Mpanda, nikarudi, nikakaa Igunga msimu mmoja wa pamba. Soda nyeusi ikanishinda, mpaka leo siigusi. Nikapata tabia ya kuinua kila glasi kwenye mwanga kabla ya kunywa. Dada yangu, niliyefikia kwake Chemchem, akaniambia mbele ya wageni, "Kaka, unatafuta nzi au unatafuta mke humo?" Wote wakacheka, nami nikacheka. Ninachokiona humo siku zote ni yule mtoto na pindo la sweta, ananisubiri niseme.

Ulipopita karibu mwaka nilimpigia Dokta simu, nikamwambia.

"Kwa nini hukuniambia pale?"

"Niliogopa, Dokta. Nilikuwa nimeshatia saini."

"Mimi niliondoka kabla ya vichupa kuiva," akasema. "Mwambie yule bibi hivyo pia." Akanitumia kwa basi vichupa viwili vilivyofungwa kwa nailoni, kimoja cha akiba, na barua kwa mwalimu mkuu wa shule ile.

Nilimkuta bibi anafagia ukingo wa kisima kilekile. Miiba ilikuwa bado upande wa kijiji, lakini upande wa nyumba yake alikuwa ameacha upenyo. Ulikuwa upana wa mtu mmoja.

"Bado tunakunywa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Hatujafa."

Nilivua viatu nikakaa chini, nikamweleza yote: kata, samadi, honi, alama. Hakuacha kufagia. Nilipomaliza akasimama.

"Unadhani unaniletea habari?"

Akaegemea ufagio wake.

"Mtoto alisema. Siku ileile chupa ilipogeuka. Alimwambia mwalimu, kata ilianguka njiani, na mgeni aliona. Mwalimu akafungua karatasi yenu. Karatasi ikasema kata haikuwepo kabisa, chupa ilizama yenyewe. Wakamwambia anamtetea bibi yake." Akatema mate pembeni. "Darasa zima wakamwimbia mwongo."

Hilo sikulijua. Mwaka mzima nilidhani nilinyamaza tu, kumbe jibu langu lilikuwa limelala kwenye faili la shule, na lilikuwa limemshinda mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Leta hicho kichupa chako," akasema bibi. "Zamisha. Mimi sharti langu limeshavunjwa."

Nilikizamisha kwa mkono wangu. Maji yalikuwa baridi sana. Yeye aligeuka asitazame.

Asubuhi mwalimu mkuu aliniruhusu kusema mbele ya watoto mstarini. Wazazi kadhaa walikuja, wamesimama nyuma ya uzio wa minyaa. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwezi, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Nilisema kata ilianguka, mimi niliona, mimi ndiye niliyesema chota, mimi ndiye niliyeandika uongo. Mwanamume mmoja kwenye uzio akapaza sauti: "Na sasa umelipwa na nani kusema hivi?" Baadhi wakacheka. Mwalimu wa sayansi alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilikaa hapo siku tatu, nalala kwa mwalimu mkuu. Kichupa kilikaa dirishani na maji yake hayakubadilika. Siku ya tatu mchana mwalimu wa sayansi alikichukua mwenyewe, akapita nacho nyumba kwa nyumba, jasho linamtoka. Jioni yake wanawake wawili walikwenda bondeni na mapanga, wakaanza kuondoa miiba. Hawakusema samahani. Waliweka ndoo zao pembeni, wakasubiri. Bibi akawachotea.

Nilidhani nimemaliza. Nilikwenda kumuaga, begi begani.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Tabora, bibi. Kisha nitaona."

"Aliyeitwa mwongo si mimi," akasema. "Yuko Nzega kwa shangazi yake, fundi cherehani. Shule alikataa. Hapa umesema, watu wamesikia, yeye hajasikia."

Nilipita Nzega mara nne baada ya hapo bila kushuka. Mara ya kwanza nilisema gari ni la watu. Mara ya pili mvua. Ya tatu na ya nne sikujipa hata sababu. Ya tano nilishuka stendi, nikauliza nyumba ya fundi cherehani anayetoka upande wa Kaliua, nikaelekezwa.

Shangazi alikuwa mlangoni na nguo ya mtu mapajani. Nilipojitaja ni nani, akaiweka chini, akaingia ndani. Nikasikia wananong'ona. Akatoka peke yake.

"Hataki kutoka," akasema. "Lakini sema. Hapo hapo ulipo. Sema kwa sauti."

Majirani walikuwa wanatazama. Ndani kuna mtu alikuwa anafagia, mikwaruzo mifupi mifupi ya haraka. Nikasema. Nilianza na samadi, nikasema alivyonitazama, nikasema nilivyomjibu. Nilipofika kwenye karatasi, kwamba karatasi ndiyo iliyosema uongo na yeye ndiye aliyesema kweli, ufagio ukanyamaza.

Nikamaliza. Shangazi akageuza uso kuelekea ndani, akasikiliza.

"Amesikia," akasema.

Nilisubiri kidogo pale barazani. Baada ya muda ufagio ukaanza tena, polepole, ukielekea chumba cha nyuma.