Jiwe la Nyongo Nisilolinunua

Mara ya kwanza nilipotaka kufanya biashara na Javan Odero, alikataa kuniuzia.

Nilikuwa mgeni Oyugis. Nilikuja kutoka Garissa na visu vyangu vya kuchinjia, na kazi yangu pale machinjioni ilikuwa kukata koo kwa jina la Mungu ili Mwislamu na Mkristo wale nyama ileile bila maswali. Javan alikuwa mchunaji. Nilipomaliza mimi, yeye ndiye alianza: ngozi, matumbo, ini, mapafu. Lakini mimi sikutoka Garissa ili nizeeke nikiwa mkata koo. Nilikuwa nimesikia kwamba ndani ya nyongo ya ng'ombe, mara mojamoja, hupatikana jiwe la manjano, na kwamba Nairobi kuna wanunuzi wanaolipeleka Uchina likawe dawa. Gramu kwa gramu, lilishindana na dhahabu ya migodi ya Masara.

Moja nilikuwa nimekwisha kulinunua, hukohuko Masara, kwa mtu mwenye maneno matamu. Nikamwonyesha Javan, ajue kwamba nami si wa kuchezewa.

Alilitemea mate, akalisugua kwenye ukucha wa kidole gumba, akaosha mkono kwenye ndoo. Ukucha ukabaki mweupe.

"Warya," akaniambia, akiniita kama sisi Wasomali tunavyoitana, "hili halijawahi kumwona ng'ombe. Ni udongo na manjano ya pilau."

Kisha akatoa lake, limeviringishwa kwenye kitambaa. Akalitemea mate, akasugua, akaosha kwa sabuni. Ukucha ukabaki wa njano kama ua la alizeti.

"Niuzie hilo," nikasema.

"Leo siuzi. Bado lina maji. Likikauka litapungua uzito, halafu utazunguka Oyugis yote ukisema Mjaluo amekuibia. Rudi likishakauka."

Nikajua nimepata mtu. Wema wa mtu mimi siujui kuupima, lakini mfanyabiashara anayemtaka mteja arudi, huyo namjua nikimwona. Na jiwe lilipokauka, alitaja bei iliyonifanya nikae chini.

Tulibishana asubuhi nzima, wachunaji wengine wakisikiliza. Hilo halikunifaa hata kidogo, kwa sababu bei ikijulikana na wote, wote wataitaka. Basi nikamfundisha biashara ya kwetu. Unatupa kitambaa cha begani juu ya mikono miwili, muuzaji na mnunuzi wanashikana vidole huko chini, na kila kidole kina maana yake. Mdomo unazungumza habari za mvua, mikono inazungumza bei. Javan alijifunza upesi kuliko mtoto wa Kisomali. Baada ya muda mfupi alikuwa ananibana vidole hadi natoa jasho, huku akiwauliza wenzake kwa sauti kama Gor Mahia imeshinda.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi. Nikaacha kisu, nikaanza kununua ng'ombe soko la Ogwedhi na kuwaleta Oyugis, nikanunua na ngozi, nikapata pikapu. Msingi wa yote hayo ulikuwa mawe ya Javan. Alikuwa na namna yake. Tumbo likishafunguliwa, kabla ya kugusa kitu kingine, alipitisha kidole gumba chini ya ini na kuiminya nyongo polepole, kama mama anayetafuta embe lililoiva. Alikuwa na kanuni pia: jiwe hukaa kwa ng'ombe mzee aliyekonda. Mnene aliyeshiba hana jiwe, usipoteze wakati. Na kanuni nyingine, ambayo kila mchunaji anaijua: nyongo isipasuke. Tone likimwagika kwenye nyama, nyama inakuwa chungu, mwenye ng'ombe anapiga kelele, na bucha haitakuita tena.

Zikumbuke hizo kanuni mbili, maana nusura zimuue.

Javan mwenyewe alikuwa mnene aliyeshiba. Alipoanza kushika ubavu wa kulia baada ya kula, chini kidogo ya mbavu, kila mtu alikuwa na jibu lake. Mkewe, Achieng, alisema ni msuli, kwa sababu ya kubeba mapaja ya ng'ombe begani. Na kweli maumivu yalipanda hadi nyuma ya bega la kulia. Wenzake walisema taifodi. Ondieki wa duka la dawa alisema ni ulsa, vidonda vya tumbo, kwa sababu mchunaji huamka alfajiri na kushinda njaa. Akampa vidonge, na Javan akajiongezea dawa yake mwenyewe: kila jioni bakuli la supu ya kichwa na miguu, mafuta yakielea juu, ili kuvipaka vile vidonda vilainike. Kila alipokunywa, usiku aliviringika kitandani. Kesho yake aliongeza supu.

"Ulsa zangu ni kali," aliniambia. "Zinapigana na supu."

Mimi si daktari. Nilichokijua ni mkono wake.

Asubuhi moja alinipigia simu kwamba ana jiwe. Nikafika, nikatupa kitambaa, nikamshika vidole. Nilianza chini, bei ya dharau, ile ambayo siku zote alinijibu kwa kunifinya. Javan akafunga vidole vyangu. Amekubali.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia. Akafunga tena.

Mtu aliyenikamua miaka yote hiyo amekubali bei ya kwanza. Na mkono wenyewe ulikuwa wa moto. Nikamtazama usoni vizuri. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka, ukawa wa njano kama mafuta ya ng'ombe wa malisho.

"Javan, macho yako yamekuwaje?"

"Ni usingizi, omera, ndugu yangu. Leta hela nikalale."

"Hela utapata. Lakini kwa bei hii sinunui. Mtu mzima hawezi kukubali bei hii. Panda gari."

"Gari lako linanuka ngozi."

"Na wewe unanuka nini? Panda."

Achieng alikuja mbio kutoka kibanda chake cha mboga, leso kiunoni, akapanda naye. Nikawapeleka Homa Bay, hospitali, na njia nzima Javan alijikunja akisema niache kupiga mashimo. Nikamwambia mashimo ni ya serikali.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, jina lake Scovia. Alimlaza Javan, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nachuna ng'ombe."

"Vizuri, basi tutaelewana. Ukifungua ng'ombe, hapa upande wa kulia, chini ya mbavu, unakuta nini?"

Javan, pamoja na homa yake yote, akajibu kama mtu aliyeulizwa majina ya watoto wake. "Ini. Chini yake nyongo. Nyuma, figo. Juu ya ini kuna lile pazia, na juu ya pazia, pafu. Utumbo mwembamba unaanzia hapo karibu."

"Na juu ya vyote, msuli na ngozi," akasema Scovia. "Mtu akiniambia anaumwa hapo, chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa ndicho kinacholia. Ini likivimba kwa virusi, au likipata jipu la amiba. Figo likiwa na jiwe au maambukizi. Nimonia ikishika sehemu ya chini ya pafu, mtu atakuambia ni tumbo. Vidonda vya tumbo, ndiyo, navyo vipo. Msuli ulioteguka. Hata mkanda wa jeshi, unauma kabla vipele havijatoka. Kwa hiyo aliyekuambia ulsa hakusema upuuzi. Alikisia tu, bila kukupima."

Achieng akasema, "Mimi nilisema msuli."

"Nawe hukusema upuuzi, mama."

Akaangalia ngozi, akagonga mgongo, akasikiliza pafu, akachukua damu na mkojo. Mwisho akaweka vidole chini ya mbavu za kulia, akabonyeza, akamwambia avute pumzi. Pumzi ya Javan ikakatika katikati, kama mtu aliyekanyaga msumari. Scovia akaandika kitu. Wakampeleka picha ya tumbo, ile ya kupakwa mafuta ya baridi, na aliporudi, daktari alikuja na jibu.

"Mzee, una mawe kwenye nyongo. Moja limetoka kifukoni, limeziba mrija. Ndiyo maana macho ni ya njano, na homa ni kwa kuwa nyongo iliyozibwa imeoza. Tutakupa maji na dawa za mshipani kwanza, homa ishuke. Halafu lazima tufungue, tutoe mawe na kifuko chenyewe."

Javan alicheka, kicheko cha maumivu. "Mawe? Mimi? Nimekonda wapi?"

"Kwa watu si lazima ukonde. Mara nyingi ni kinyume chake. Na ile supu ya mafuta aliyonisimulia mkeo ndiyo ilikuwa inaikamua nyongo ikakaza juu ya jiwe."

Hapo ndipo akageuza uso ukutani. "Hakuna mtu atagusa nyongo yangu," akasema. "Mimi najua nyongo. Ikimwagika, nyama yote inaharibika. Na nimefungua ng'ombe, mbuzi, kondoo, maisha yangu yote, sijaona hata mmoja asiye na nyongo. Mungu hakuiweka ya mapambo. Nipeni dawa, nirudi Oyugis."

Scovia hakukasirika. "Wewe ukiitoa ya ng'ombe, unafanyaje isimwagike?"

"Nabana shingo yake kwa vidole, nakata juu ya vidole."

"Basi hata mimi. Isipokuwa mimi naifunga kwa uzi kwanza. Lakini ukirudi Oyugis nayo, itapasuka yenyewe ndani, na hakuna atakayekuwa ameibana shingo."

Kanuni ya pili nayo ilivunjika hapo, nilimwona usoni. Ikabaki hoja moja. Aliganda pale pale: hakuna mnyama anayeishi bila nyongo. Achieng alilia, akamwita Baba Awino, akamtajia watoto. Alimsikia, machozi yakamtoka na yeye, lakini kichwa akatikisa. Daktari akasema hawezi kumfunga kamba, akatoka kwenda kwa wagonjwa wengine.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikinuka ngozi. Nikasema, "Ngamia hana nyongo."

Javan akageuka. "Nini?"

"Ngamia. Mnyama mkubwa kuliko ng'ombe yeyote uliyemfungua. Baba yangu alichinja, mimi nimechinja. Unafungua, unakuta ini peke yake. Kifuko hakuna. Na anatembea jangwani na mzigo, anakula miiba."

"Hiyo ni biashara, Warya. Ukitaka mtu akubali, unamletea ngamia."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolijua juu yangu. Miaka yote hiyo, chini ya kitambaa na juu yake, sijawahi kuapa. Wauzaji wengine huapa kwa mama, kwa macho, kwa Mungu, juu ya fahali kilema. Mimi siapi. Kiapo sokoni ni senti iliyotoboka. Mara nyingi alinitania, "Apa basi, kama bei yako ni ya haki," nami nikakataa, hata pale nilipokuwa nasema kweli, hata pale kukataa kuliponipotezea mali.

"Apa," akasema sasa.

"Wallahi," nikasema. "Ngamia hana nyongo, na anaishi."

Achieng aliacha kulia ili asikie. Kisha Javan akanyoosha mkono, mrija wa maji ukining'inia, akasema, "Lete kitambaa."

Nikakitupa juu ya mikono yetu, pale wodini, wagonjwa wakishangaa. Alinibana vidole, kwa nguvu kidogo aliyokuwa nayo, kisha akavifunga. Achieng akaenda kumwita daktari.

Homa iliposhuka, walimfungua. Nilikaa nje kwenye benchi na Achieng, na sina cha kusimulia hapo, ila alinikatia nusu ya chapati yake na kuniita shemeji. Scovia alitoka akiwa amechoka, akasema imetoka nzima, haikumwaga tone. "Mwambieni hivyo akiamka," akasema. "Najua ndilo atakaloliuliza." Na ndilo aliloliuliza.

Alipopata nguvu alikuja kwangu, mwembamba kidogo, macho meupe kama ya mtoto, na chupa ndogo ya dawa. Ndani kulikuwa na mawe yake mwenyewe, makubwa kama maharagwe.

"Yamekauka," akasema. "Nimesubiri. Tupa kitambaa."

Nikatupa. Akanifinya bei ya wazimu, vidole vyote. Nikamjibu kwa ngumi iliyofungwa, maana yake hakuna soko. Akanisukuma, nikamrudishia ngumi.

"Mchina hatajua," akasema.

"Nitajua mimi."

"Basi hata bure huyataki? Yamelala ndani yangu, omera, yamekula supu nzuri."

Achieng aliyamwaga chooni wiki hiyohiyo, akasema nyumba yake si makumbusho.

Basi tuone kila mtu alitoka na nini. Javan alipoteza nyongo, supu ya kichwa na miguu, na kazi ya uchunaji, kwa kuwa mapaja ya ng'ombe hayabebwi na mtu mwenye mshono. Nami nilipoteza mawe. Wakati nimekaa Homa Bay, mnunuzi mwingine aliingia machinjioni, akataja bei kwa mdomo mbele ya wote, na kitambaa changu hakikuwa na kazi tena Oyugis. Biashara niliyoilinda miaka yote ilikwenda kwa sababu ya safari moja ya pikapu.

Sijaijutia. Javan sasa hunisindikiza Ogwedhi siku za soko. Ananichagulia ng'ombe, na hakosei; mimi nabishana, yeye anakula faida yake. Achieng ana mumewe, Awino ana babake. Na mimi, mtu ambaye siku yangu ya kwanza Oyugis nilikuwa na udongo na manjano mfukoni nikidhani ni mali, nina mtu ambaye alinionyesha ukucha wake kabla ya kuniuzia chochote. Nilikuwa na deni la ukucha ule. Naushukuru, na namshukuru daktari aliyejua kubana shingo.

Deni moja limebaki. Javan anadai nimpeleke Garissa akamwone ngamia akifunguliwa, kwa macho yake. Namwambia niliapa. Anajibu kwamba ndiyo, aliamini, lakini mchunaji hununua alichokishika kwa mkono.