Nilikionea Haya Kinywa cha Baba

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Mhariri, jina langu lifiche. Mimi ni mchunga ng'ombe wa huku Minjila, na hilo latosha.

Baba yangu alikuwa mzee sana na gego lake la chini likaoza. Shavu lilivimba, akawa anatafuna upande mmoja, mwisho akaacha nyama kabisa, akabaki na maziwa tu. Mimi nikasema huo ni uzee, mzee gani ana meno? Mpumbavu mkubwa mimi! Ndama akichechemea nilitoka mbio kutafuta dawa. Baba akiugulia, nilitoka nje nisimsikie.

Kisha kinywa kikaanza kunuka. Nikaona aibu, mimi ninayeshinda na samadi!

Ikafika harusi ya binti yangu mkubwa. Kwetu mzee akimbariki mtu humtemea mate kidogo, na hakuna zawadi inayoishinda hiyo. Baba ndiye aliyepaswa kumbariki mjukuu wake. Nikaenda kumnong'oneza ami, mdogo wake baba, abariki yeye, wakwe wasije wakaisikia harufu ile. Baba alikuwa amekwisha kusimama na fimbo yake. Alimwona ami akipita mbele yake, akaketi tena.

Wiki mbili baadaye homa ikampanda, ndipo nikampeleka Garsen. Dresa wa dispensari aling'oa gego lile upesi kuliko mtu anavyomaliza chai, akaniuliza nilikuwa nikingoja nini. Baada ya siku chache uvimbe ulishuka, harufu ikaisha, mzee akala nyama. Kumbe ni hivyo tu!

Nikampigia magoti, nikamwomba radhi na baraka. Akaziba mdomo kwa nguo yake.

"Kinywa changu kinanuka," akasema. "Nenda kwa ami yako."

Wala hakikunuka tena. Aliishi miaka miwili zaidi, akawabariki watoto wa majirani, hata wapita njia. Mimi kila nilipomwendea aliinua ile nguo. Tumemzika hivyo.

Basi nyinyi mnaowakunjia pua wazee wenu, wafungueni vinywa mtazame, muwapeleke kwa dresa mapema. Acheni kujidai watu safi! Mimi leo nina ng'ombe wengi, na kila anayewaona hunipa mkono na kuniambia nimebarikiwa.