Himoglobini Iliyogoma Goba

Laki moja na elfu ishirini na nne, siku nne, na chumba chenye kompyuta nane. Nimehesabu mara mbili, jumla haibadiliki. Hiyo ndiyo bei niliyolipa ili kuonyesha kitu ambacho mtandaoni kinatolewa bure.

Nafundisha kemia kwenye sekondari moja ya binafsi huku Goba. Miaka yote nimechora molekuli ubaoni kwa chaki, matokeo yake wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanaamini himoglobini, ile protini ya damu, ni bapa kama chapati. Kisha nikakutana na programu inayofunguka ndani ya kivinjari. Hainunuliwi. Unaishika molekuli kwa kipanya, unaizungusha, unaivuta karibu mpaka unaona chuma kilivyokaa ndani yake. Kwenye simu yangu ilifanya kazi mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Wakati huo mkuu wa shule, mama mmoja anayeishi kwa saa, alikuwa ameshaamua chumba cha kompyuta kigeuzwe stoo ya sare. Sare zinauzwa, kompyuta zinakaa tu. Nikamfuata ofisini.

"Shikamoo mkuu. Naomba unipe mpaka Alhamisi nikuonyeshe kazi ya kile chumba."

"Marahaba. Alhamisi saa nne, mwalimu. Nisipoona kitu, saa tano masweta yanaingia."

Jumatatu nikafungua kompyuta ya kwanza. Ukurasa ukaja, vitufe vikaja, katikati peusi ti. Ya pili, peusi. Nikaenda mpaka ya nane, nikarudi kinyumenyume mpaka ya kwanza. Nikafanya yale ambayo kila mtu anakwambia: funga kurasa nyingine, pakia upya, weka toleo jipya la kivinjari, tena kwa bando langu mwenyewe. Peusi. Chini ya weusi ule palikuwa na mstari mdogo wa Kiingereza, herufi za kijivu. Mie nikaona hizo ni porojo za mashine, nikampigia fundi wangu wa Sinza.

Huyu fundi tunajuana. Muhula uliotangulia kompyuta zilikuwa zinaganda, nikamwita azitie wepesi. Alitaka elfu kumi kila moja. Nikamshusha mpaka elfu tatu, nikalipa elfu ishirini na nne za mfukoni kwangu kwa sababu mhasibu alikuwa "kwenye kikao", nikarudi nyumbani Kimara natembea kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja.

"Ticha, hizo zimechoka," aliniambia kwenye simu, mashine hajaiona. "Zinataka grafiksi kadi, ile ya kuendesha michoro."

"Bei?"

"Laki na nusu, kila mashine."

"Kwani kadi yenyewe inakuja na mwalimu wake?"

"Haya, laki na ishirini. Kwa sababu ni wewe."

"Themanini."

"Ticha unaniua! Tisini, nafunga mwenyewe. Na kumi ya bodaboda. Mafuta hayana mjadala."

Nikakubali, kwa mashine moja tu, ile ambayo mkuu angekaa mbele yake. Jumanne fundi alikuwa njiani. Jumatano alikuwa njiani. Sijui Sinza imehamia mkoa gani. Akatokea Alhamisi saa tatu na nusu, akafungua boksi la kompyuta, akachomeka, akafunga. Mkuu akaingia saa nne kamili, akavuta kiti.

Peusi.

Mkuu akakitazama kile kioo, akanitazama mie. "Mwalimu, himoglobini yenyewe ndiyo hii? Mbona iko gizani?"

"Labda mtandao," fundi akasema, huku anakusanya bisibisi zake.

Saa tano masweta yakaingia. Hakuchelewa hata dakika, yule mama.

Nikabaki nimekaa katikati ya mafurushi, hasira imenijaa mpaka masikioni. Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumtukana, nikausoma ule mstari wa kijivu. Ulikuwa unasema, kwa ustaarabu kabisa, kwamba kivinjari kimezuiwa kutumia nguvu ya michoro ya mashine, niangalie kwenye mipangilio kama imezimwa. Mie ninayehesabu chenji mara mbili mbele ya muuza maandazi, sentensi moja sikuisoma hata mara moja.

Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo. Swichi moja. Imezimwa. Nikaiwasha, nikafunga kivinjari, nikafungua upya. Himoglobini ikatokea, nyekundu, inazunguka taratibu kama inanicheka. Nikahamia kompyuta isiyo na kadi mpya. Ikatokea. Zote nane, kila moja haikumaliza dakika.

Nikapiga simu.

"Fundi, hii swichi nani aliizima?"

"Mie. Si ulitaka wepesi? Kwa elfu tatu ulitaka niguse nini kingine?"

"Na kadi je?"

"Ticha, wewe uliniuliza bei. Hukuniuliza kama inahitajika."

Nilikata. Kilichonichoma ni kwamba hakuwa anasema uongo. Nilikuwa nimemshusha bei mpaka akaniuzia ubovu, kisha nikaununua tena kwa bei ya dawa.

Nilirudi kwa mkuu mchana uleule. "Mkuu, njoo uone, zote zinafanya kazi."

"Tulisema saa nne," akajibu, hakuinua hata macho. Huyo ndiye mtu pekee Goba nzima ambaye sijawahi kumpunguzia kitu.

Sasa ufunguo uko kwenye droo yake, kompyuta zimefunikwa masweta, na mie nimerudi kuchora chapati ubaoni. Walimu wenzangu, nyie someni maandishi ya kijivu kwanza, fundi baadaye. Lakini hilo mie limenipita. Ninachoomba ni ushauri: huyu mama asiyejadili bei, mnaanzia wapi kumwomba ufunguo? Na wewe fundi, kama unasoma, kadi yako njoo uchukue. Tisini yangu naitaka. Ya bodaboda nakuachia.